Seti ya waya tatu ya kuunga kamera ya gari kwenye fyuzi: kaboksi kako poa, karatasi ya maelekezo ni takataka

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo. Hii seti ya kuungia kamera ya dashibodi kwenye umeme wa gari moja kwa moja, ile yenye waya tatu na kaboksi keusi katikati, ni kitu kizuri na nimekaa nayo vya kutosha kusema hivyo, ila uzuri wake wote uko kwenye hako kaboksi wala sio kwenye waya, na kama gari yako huwa inakaa wiki nzima imepaki bila kuwashwa basi hela yako iache mfukoni tu maana utakachoambulia ni betri imelala na masaa kibao ya video za paka anapita juu ya boneti.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, iko hivi. Kamera nyingi zinakuja na chaja ya kuchomeka kwenye tundu la sigara na hiyo inafanya kazi vizuri tu ukiwa unaendesha, shida inaanza ukizima. Kwenye gari nyingi tundu la sigara linakufa pamoja na swichi, kamera nayo inazima, mtu akija kukukwaruza bampa ukiwa umeingia ndani mara moja hakuna ushahidi wowote. Gari zingine ni kinyume chake, tundu lina moto muda wote, kamera haizimi, inarekodi usiku kucha, asubuhi unapiga stata unasikia tik tik tik. Hii seti inatibu yote mawili: inavuta moto wa betri kupitia boksi la fyuzi, inaiambia kamera kwamba gari imezimwa kwahiyo ihamie kwenye modi ya kulinda, yaani kuendelea kuangalia gari ikiwa imepaki, alafu inachungulia volti za betri na zikishuka mpaka pale ulipopanga inakata yenyewe.

Ndani ya pakiti kuna waya mrefu wa kutosha kutoka boksi la fyuzi mpaka nyuma ya kioo cha kati kwa gari ndogo. Upande mmoja mdomo wa USB wa kuingia kwenye kamera, upande wa pili zinatoka waya tatu. Njano ni moto wa betri, wa muda wote. Nyekundu ni moto wa swichi, unakuja ukigeuza funguo na unapotea ukizima. Nyeusi ni ethi, ile ya kuunga kwenye chuma cha bodi. Hizo rangi ndo za kawaida lakini usiziamini sana, soma vibandiko vilivyoandikwa BATT (betri), ACC (swichi) na GND (ethi) maana zipo seti zimegeuza njano na nyekundu na ukifuata mazoea utaumia. Kaboksi kazi yake ya kwanza ni kushusha volti 12 za gari, au 24 kama ni lori, ziwe 5 ambazo kamera inakula. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanashauriana eti kata tu waya wa USB wowote uunge kwenye fyuzi umemaliza. Ukifanya hivyo unaipelekea kamera volti 12 kavu na utasikia harufu kabla hujaona picha.

Sasa kwenye kukata umeme, hapa ndo penye stori yote.

Betri ya kawaida ya gari, hii ya risasi na asidi, ikiwa imejaa na imepumzika masaa kadhaa inasoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Rudia kusoma hiyo. Watu wengi wanaona mita inasema 12 wanatulia kabisa, si betri ya volti 12 bana, kumbe ndo inakata roho. Kaboksi kangu kana kaswichi kadogo ubavuni ka kuchagua kikomo, kanaanzia 11.8 mpaka 12.4, na kutoka kiwandani kalikuja kamewekwa kwenye 11.8. Jamani. Kwa mtu anayetaka gari iwake asubuhi 11.8 ni utani, hapo betri imeisha, na ukiishusha mpaka huko mara kwa mara sahani za ndani zinajaa salfeti na betri inapoteza uwezo jumla, hata uichaji vipi hairudi kama zamani. Ushauri wangu kabla hujafunga chochote chukua bisibisi ndogo sogeza hako kaswichi, 12.2 kama betri ni mpya, 12.4 kama ina umri. Ukiweka 12.4 kamera italinda masaa machache tu, sawa, ila utawasha gari bila kumsumbua jirani akubusti.

Wanaosema inalinda "siku nzima" au "wiki nzima" wapigie hesabu. Kamera ya lenzi moja ikiwa inarekodi inakula kama ampea 0.3 kutoka kwenye betri, ya mbele na nyuma inakula zaidi. Chukua betri ya gari ndogo ya ampea-saa 45, tuseme unakubali iliwe nusu, ni kama 22, gawa kwa 0.3 unapata masaa sabini na kitu, karibu siku tatu. Tamu eeh? Hiyo ni kwenye karatasi. Gari yenyewe ikiwa imelala nayo inakula kidogo kidogo, alamu, saa, kompyuta zake, kama miliampea 20 hadi 50 kwa gari nzima. Betri ya miaka minne hiyo 45 haina tena, imebaki namba ya kwenye kibandiko. Na kama safari zako ni za dakika kumi kumi, nyumbani kazini dukani, oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haipati muda wa kurudisha kilicholiwa usiku, kwahiyo kesho unaanza na pungufu, keshokutwa pungufu zaidi, mpaka siku moja inagoma. Ndo maana watu wawili wanaweza kununua kitu kile kile mmoja akasifia mwingine akalaani na wote wakawa sahihi, kinachowatofautisha ni mwendo wa gari zao.

Wenye gari mpya mpya zinazojizima injini kwenye foleni, kwenu kuna la ziada. Nyingi ya hizo oltaneta haijazi betri mpaka juu, inaiacha chini kidogo makusudi ili kuokoa mafuta, kwahiyo mnaanza usiku tayari mko karibu na kikomo na kamera itakata mapema mkadhani seti ni mbovu. Tena gari hizo zina kisensa kwenye kichwa cha hasi cha betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, ndo sababu ethi ya kamera inaenda kwenye bodi ya gari na sio kwenye kichwa chenyewe cha betri, ukikiruka hicho kisensa hesabu zinapotea.

Nilichokipenda kwenye hako kaboksi ni kwamba kakikata kamekata. Betri ina tabia, ukiitoa mzigo volti zinapanda kidogo zenyewe, na seti mbovu ikiona zimepanda inawasha kamera tena, volti zinashuka, inakata, zinapanda, inawasha, mchezo huo mpaka asubuhi. Hii yangu ikishakata inasubiri moto wa swichi urudi, nimekaa nayo na mita mkononi nikathibitisha. Kama unanunua na huna jinsi ya kujaribu, angalia hilo ndo swali la kumuuliza muuzaji, sio urefu wa waya.

Kwenye kufunga, mimi nilienda kwa fundi umeme kwa sababu sipendi kung'oa plastiki za gari, nikakaa pembeni yake mpaka mwisho. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa redio. "Bosi hapa nyuma kuna moto wote, wa betri na wa swichi, dakika tano tumemaliza." Na hajadanganya, nyuma ya redio kweli moto wote upo. Ila njia yake ilikuwa kuchuna waya wa gari katikati, kusokotea wa kamera, kuzungushia tepu nyeusi, biashara imeisha. Gari ikianikwa juani ile gundi ya tepu inalegea inakuwa kama asali, tepu inajivua yenyewe, unabaki na waya uchi unacheza na chuma nyuma ya dashibodi. Nikamwambia fundi asante ila hii tunaipitisha kwenye fyuzi. Akaguna, akarudisha redio, tukafanya hivyo, na ikachukua muda mfupi tu kuliko alivyodhani.

Njia ya fyuzi inataka kile kidude cha kubeba fyuzi mbili. Unachomoa fyuzi ya gari, unachomeka kidude mahali pake, ile fyuzi ya gari unairudisha kwenye nafasi iliyo karibu na miguu, na kwenye nafasi ya juu unaweka fyuzi ya kamera. Hapa ndo seti yangu inapoteza maksi: vidude vilivyokuja kwenye pakiti ni vya saizi moja tu, ile ya kati, na gari yangu inatumia zile fupi ambazo karibu hazina miguu. Kuna za kawaida, kuna ndogo, kuna ndogo fupi, kuna nyembamba za miguu miwili na za miguu mitatu, zote ziko kwenye gari za barabarani, halafu mtengenezaji anakuwekea saizi moja. Chomoa fyuzi moja ya gari yako ukaifananishe na kidude kabla hujalipa. Usilazimishe. Ukilazimisha mdomo wa boksi unapanuka na baadae hata fyuzi yake halali inakaa inalegea, inashika inaachia, unaanza kutafuta mchawi.

Fyuzi ya kamera yenyewe, ampea 2 au 3 inatosha sana. Mimi seti ilikuja na za 10, nyekundu, sijui walikuwa wanafikiria nini, fyuzi ya 10 kwenye waya mwembamba vile haimlindi mtu, waya utaungua fyuzi inaangalia tu.

Kutafuta fyuzi ya moto wa betri na ya moto wa swichi ni kazi ya mita, sio ya kubahatisha. Mgongoni mwa kila fyuzi kuna vidoa viwili vya chuma, waya mweusi wa mita weka kwenye chuma cha bodi, mwekundu gusa kidoa, huna haja ya kuchomoa kitu. Swichi imezimwa na bado inasoma 12 na kitu, huo ni moto wa betri. Geuza funguo isome, zima ipotee, huo ni wa swichi. Ila kuna mtego ambao karatasi ya maelekezo haiutaji kabisa: gari za siku hizi zikishalala zinakata baadhi ya fyuzi zilizoonekana kuwa na moto muda wote, na zingine ukizima swichi zinaacha moto wa redio na madirisha mpaka ufungue mlango. Kwahiyo pima, alafu fungia gari ikae kama nusu saa, pima tena. Mlango ukiwa wazi gari haitalala, fundi akachukua bisibisi akaisukuma loki ya mlango ijifunge huku mlango uko wazi, gari ikadhani mlango umefungwa, akalala chini ya usukani na mita yake akasubiri. Pale nikamheshimu upya. Ukimaliza kumbuka kuifungua loki kabla hujaubamiza mlango.

Fyuzi za kukaa nazo mbali: eabegi, breki za ABS, kompyuta ya injini, usukani wa umeme. Hata kama ziko karibu na zinafika vizuri, achana nazo. Tundu la sigara, redio, taa za ndani, waipa ya nyuma, hizo zinatosha.

Kidude kina upande pia. Kwenye boksi mguu mmoja wa fyuzi ndo unaingiza moto na mwingine unatoa kwenda kwenye kifaa. Ukikichomeka sahihi kamera inavuta moto kabla ya fyuzi ya gari na kila mmoja anabeba mzigo wake, ukikigeuza mzigo wa kamera unapita ndani ya fyuzi ya gari kwanza. Ukichomeka vyovyote kamera itawaka ndo maana watu hawagundui. Kujua, chomoa fyuzi pima mashimo mawili, lenye moto ndo la kuingizia, na mguu wa kidude ulio upande usiotoka waya ndo ukae hapo.

Ethi msiidharau. Fundi kwanza aliikamata kwenye skrubu iliyoshika plastiki, kamera ikawa inawaka inazima. Inataka bolti inayoingia kwenye chuma cha bodi, na kama kuna rangi chini yake kwangua. Ethi mbovu ina ubaya mwingine wa chinichini, kaboksi kanasoma volti ndogo kuliko zilizopo kwenye betri, kanakata mapema, wewe unalaumu seti.

Kupitisha waya ni rahisi, juu ya kioo unausukuma kwa kidole ndani ya ukingo wa silingi, unashuka nao kwenye nguzo ya pembeni mpaka chini. Kitu cha kuogopa ni hiyo nguzo. Gari yenye eabegi ya pazia imekunjwa humo, na waya unatakiwa upite nyuma ya eabegi, sio mbele yake, ikifumuka na waya uko mbele inaurusha usoni kwako au inashindwa kufunguka vizuri. Hapa fundi hakuhitaji kuambiwa.

Malalamiko mengine. Redio ilianza kukwaruza stesheni za mbali, kaboksi hako kanaposhusha volti kanatoa kelele ya umeme na kalikuwa kamelazwa juu ya waya wa antena, tukakahamisha upande wa pili na kubana kipande cha feraiti, kile cha kupunguza kelele ya umeme, kwenye waya, kelele ikapungua ila haijaisha kabisa. Karatasi ya maelekezo ina mchoro mmoja na sentensi ambazo nadhani aliyeziandika hajawahi kukaa kwenye gari. Na seti ya kampuni moja sio lazima ielewane na kamera ya kampuni nyingine hata kama mdomo wa USB unaingia bila shida, kwa sababu habari ya kwamba gari imezimwa inapita kwenye pini yake, kamera isipoielewa itapata chaji tu na modi ya kulinda haitaingia yenyewe. Nunua ya kamera yako.

Jua pia modi ya kulinda inakula memori kadi, inaandika na kufuta mchana na usiku, kadi ya kawaida haikai muda mrefu. Tafuta zile za kazi ngumu, SanDisk wana High Endurance na Samsung wana PRO Endurance. Na kama kamera yako ina betri ya lithiamu ndani badala ya kapasita, usiiache ilinde gari iliyoanikwa kwenye jua kali, betri hizo zinavimba mpaka kioo cha kamera kinabanduka.

Watu wananiuliza mbona usichukue ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, chini ya usukani. Ni kweli ni rahisi, pini namba 16 ina moto wa betri muda wote na huhitaji fundi. Ila soketi yenyewe haina moto wa swichi, kwahiyo waya unabaki unakisia kwa volti kama injini inawaka au la, kwenye gari zingine kompyuta haipati usingizi ukiwa umechomeka kitu pale, na kila ukienda kupima gari lazima uchomoe. Betri ya pembeni ya lithiamu ya kuendeshea kamera peke yake ndo suluhisho safi kuliko yote, haigusi betri ya gari kabisa, ila bei yake inaweza kupita ya kamera.

Kwa hiyo nani anunue: anayeendesha kila siku, nusu saa kwenda juu, betri nzima, na anapaki mahali ambapo watu wanapita karibu na gari yake. Huyo atafurahi. Mwenye gari ya wikendi na bado anataka waya usining'inie mbele ya macho, anaweza kununua hii hii, akazisokota waya ya njano na nyekundu pamoja akaziunga zote kwenye fyuzi moja ya moto wa swichi. Kamera itawaka na gari na kuzima na gari, modi ya kulinda hatakuwa nayo, ila tundu la sigara linabaki huru na betri haiguswi. Gari ya mama watoto tumeifunga hivyo na hajawahi kuniita nikabusti.